Maji ya Kifuu

Maji ya kifuu bahari ya chungu. Methali hii tumeizoea tangu utotoni, na aghalabu tunaitumia kumfariji mnyonge, au kumkumbusha mwenye nacho kwamba kilicho kidogo machoni pake huenda kikawa kikubwa mno kwa mwenziwe. Ni methali ya watu wa minazi na mawimbi, ambao kifuu na bahari vyote viwili wanavyo mlangoni. Walakini nimeishi miaka mingi nikiitamka bila ya kuinama hata siku moja nikatazama ndani ya kifuu chenyewe. Siku nilipolazimika kuinama niliona kwamba wahenga hawakuwa wakisema mafumbo matupu. Ndani ya kifuu mlikuwa na bahari kweli, na bahari hiyo nilikuwa nimekwisha kuimwaga.

Naomba ndugu msomaji anivumilie nimsimulie kisa hicho. Ni kisa kidogo, kimetokea uani kwangu, wala hakikuandikwa katika gazeti lolote. Lakini kimeniachia swali ambalo sikuweza kulilaza usingizi: mtu ana wajibu gani kwa kiumbe mdogo asiyemjua, asiyemhitaji, na ambaye hata jina lake hana hakika nalo?

Ninakaa Juani, kisiwa kilicho kusini-mashariki ya Mafia, mwendo wa kadiri kwa miguu kutoka katika magofu ya mji wa kale wa Kua. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe na hakina mto. Maji yetu ni ya visima na ya mvua, na mvua inyeshapo kila chenye tumbo hukinga: mitungi iliyovunjika, makopo, mashimo ya mawe, matundu ya miti, na zaidi ya vyote vifuu. Katika nyumba zetu nazi hukunwa kila siku, na vifuu hurundikwa nyuma ya jiko vikisubiri kuwa kuni. Huko nyuma ya jiko ndiko kisa hiki kilikoanzia.

Mwaka 2019 binti yangu alikuwa akiishi Dar es Salaam ulipozuka ugonjwa wa homa ya dengi. Haikuwa mara ya kwanza, kwani mji huo ulikwisha kuonja homa hiyo mwaka 2014. Binti yangu alilazwa siku sita, viungo vikimuuma kama vilivyovunjwa, nami huku kisiwani nikawa mtu wa kupanda juu ya jiwe kutafuta mtandao wa simu nipate kusikia kama yu hai. Alipopona alirejea nyumbani pamoja na mwanawe, msichana wa miaka minane. Alirejea pia na elimu ambayo sisi hatukuwa nayo: kwamba mbu wa homa hiyo si yule wa usiku tuliyemzoea, bali ni mweusi mwenye madoa meupe, huuma mchana, na hataki kinamasi wala bwawa. Yeye hutaga katika maji machache yaliyotuama katika vyombo vilivyotupwa.

“Baba,” akaniambia akinyoosha kidole nyuma ya jiko, “vifuu vyako hivi ndivyo vitakavyotumaliza.”

“Kweli, mwanangu,” nikamjibu. “Kesho nitavimwaga vyote.”

Ilikuwa ni wakati wa vuli, na usiku ule mvua ilinyesha tena. Asubuhi nikatimiza ahadi. Nilipindua kifuu baada ya kifuu kwa mguu, nikisikia raha ile ya mtu anayefanya kazi yenye manufaa bila ya jasho jingi. Nilikwisha kupindua kama ishirini hivi mjukuu wangu alipotokea mlangoni, macho bado yana usingizi.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Usikanyage hapo, pana maji.”

Akachutama. Watoto wana desturi hiyo, ya kuchutama mahali ambapo sisi tunapita. Akatazama mchanga uliolowa, akanyamaza kitambo, kisha akasema:

“Babu, hawa si mbu.”

“Ni viluwiluwi, mama. Ndio watoto wa mbu.”

“Mbona wana macho?”

Nikaingia ndani kuchukua miwani yangu. Nilipoinama niliona vichwa vya mviringo, vyeusi, na mikia bapa ikipigapiga mchanga. Baadhi yao walikwisha kuota miguu ya nyuma, myembamba kama uzi. Walikuwa ni watoto wa vyura. Mjukuu wangu aliwaokota mmoja mmoja kwa jani la mkorosho na kuwatia katika kifuu ambacho mguu wangu haujakifikia. Waliopona walikuwa wachache kuliko waliokufa.

Nimesema kwamba nilimjibu mtoto, “Ni viluwiluwi.” Sikusema uongo. Kamusi zetu humwita kiluwiluwi mtoto wa mbu, na humwita kiluwiluwi mtoto wa chura. Jina ni moja. Sina nia ya kuilaumu lugha yetu, lugha ambayo ina jina la kila upepo na la kila hali ya maji kujaa na kupwa. Lakini nimefikiri sana juu ya neno hili, na nadhani limetolewa na mtu aliyekuwa amesimama. Kwa aliyesimama, wote ni vijitu vyeusi vinavyochezacheza majini. Anayeinama huona habari nyingine. Mtoto wa mbu huning'inia chini ya uso wa maji, kichwa chini na mkia juu, kwani huvuta pumzi kwa upande wa mkia. Kivuli kikimwangukia hukimbilia chini kwa kujipindapinda. Mtoto wa chura hukaa chini au kandokando akiparura ukungu wa kijani kwa mdomo wake, na akitaka kwenda huenda kwa mkia kama samaki. Tofauti hizi hazihitaji hadubini. Zinahitaji goti.

Sasa turudi katika swali letu. Wapo watakaosema: “Mlindeni chura kwa sababu chura hula mbu.” Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ni vyema watoto wafundishwe. Lakini haifai kuwa ndio msingi. Anayelindwa kwa ajili ya kazi yake ni kibarua. Siku itakapopatikana dawa ya mbu iliyo rahisi kuliko yeye, ataachishwa kazi, nasi hatutabakiwa na neno la kumtetea. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba tabibu mmoja alimwuliza Mtume juu ya kumtia chura katika dawa, na Mtume akamkataza kumwua. Tuitazame vizuri habari hiyo. Faida ilikuwapo, tena faida ya tiba, ambayo ni katika faida tukufu kwa mwanadamu. Juu ya hivyo katazo likaja. Basi thamani ya yule chura haikupimwa kwa mizani ya matumizi yetu peke yake.

Wapo kwa upande wa pili watakaosema kwamba uhai ni uhai, na wa chura na wa mtu ni sawasawa. Hawa nao siwafuati. Mimi nilisimama juu ya jiwe siku sita nikisubiri habari ya mwanangu, na najua kwamba laiti ningetakiwa nichague baina ya viluwiluwi wote wa Juani na pumzi yake moja, nisingefikiri mara mbili. Maadili yanayomtaka mzazi aone haya kwa jambo hilo si maadili ya wanadamu.

Basi, ikiwa chura si kibarua wetu na wala si sawa na mtoto wetu, kosa langu la asubuhi ile lilikuwa nini hasa? Kumwaga maji hakukuwa kosa, kwa maana yalistahiki kumwagwa. Kuua hakukukusudiwa, kwa maana sikujua. Hapa ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu neno “sikujua” ni neno jepesi mno kinywani, na kila mtu hulikimbilia.

Qurani inatusimulia, katika sura iliyopewa jina la chungu, jinsi Nabii Suleiman alivyopita na majeshi yake hata wakafika katika bonde la chungu, na chungu mmoja akawaonya wenziwe waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na majeshi yale bila ya wao kutambua. Chungu yule alikuwa muadilifu kuliko wengi wetu. Hakuwatuhumu askari kwa ukatili. Aliwapa udhuru kabla ya kosa: watakanyaga, lakini hawatakuwa wanatambua. Na mfalme, aliyepewa elimu ya kuyasikia maneno yale, alitabasamu na kumshukuru Mola wake. Ninachojifunza mimi ni kwamba udhuru wa kutotambua ulimfaa askari, lakini haukuweza tena kumfaa Suleiman, maana yeye alikwisha kusikia. Elimu ilipomfikia, udhuru ulimwondokea.

Jioni ya siku ile nilikwenda Kua. Huenda huko mara kwa mara, kwani magofu ni mahali pazuri pa mtu kujihesabu. Anayepafahamu atakumbuka misikiti iliyobaki kuta, makaburi, nyumba kubwa ambayo ngazi zake zinapanda hata zikaishia hewani, na mibuyu iliyoota palipokuwa vyumba. Mwanzoni mwa karne ya 19 mji huo ulivamiwa na Wasakalava kutoka Bukini, wakaua, wakateka watu, na mji haukusimama tena. Leo wenyeji wake ni mijusi wanaoota jua katika mihrabu, konokono waliobandika nyumba zao kwenye chokaa, na chungu wanaofuata nyufa za kuta kama wasafiri wafuatao njia kuu. Magharibi yakikaribia hupita juu popo wakubwa, wale ambao jamaa zao wako katika visiwa vya Ngazija.

Kua ina kisa ambacho kila mtoto wa Mafia amekisikia kwa namna moja au nyingine. Masimulizi yanatofautiana, lakini nilivyopokea mimi ni hivi. Watu wa Kisimani, mji uliokuwa upande wa pili wa Mafia, waliunda jahazi, na siku ya kulishua wakawaalika watu wa Kua. Wageni walipofika, watoto wao walikamatwa wakalazwa njiani, na jahazi likashuliwa juu yao kwenda baharini, wao wakiwa ndio magogo. Watu wa Kua walirudi kwao, wakanyamaza kwa miaka. Kisha nao wakaandaa harusi, wakawaalika watu wa Kisimani, wakawaingiza katika chumba cha chini kilichoandaliwa kwa karamu, na huku karamu inaendelea waashi wakauziba mlango kwa mawe. Simulizi husema kwamba maangamizi ya miji hiyo yalitokana na madhambi hayo.

Simlinganishi chura na mtoto wa mtu. Mwenye kuwalinganisha amewadhulumu wote wawili. Nimekileta kisa hiki kwa ajili ya lile jicho lililotazama siku ile pwani ya Kisimani. Hakuna mtu awezaye kushua jahazi juu ya mtoto hali anamtazama kuwa ni mtoto. Ni lazima kwanza amwondolee jina lake na kumpa jina la kazi: gogo. Vivyo hivyo hakuna awezaye kuufunga mlango wa harusi kwa mawe hali anamtazama mgeni kuwa ni mgeni. Uovu ule wa mikono ulitanguliwa na uovu wa macho. Na macho yaliyozoea kuona vitu vikubwa tu, na kuvihesabu vidogo kuwa ni magogo, hayatuambii mapema yatakomea wapi.

Basi nilikaa katika kivuli cha ukuta nikaona kwamba kuna namna tatu za kumponda mdogo. Ipo namna ya Kisimani, ya anayejua akatenda. Ipo namna ya askari wa Suleiman, ya asiyejua wala hana njia ya kujua. Na ipo ya tatu, ambayo ndiyo yangu na nadhani ndiyo ya wengi: ya mtu ambaye angeweza kujua kwa kuinama tu, na hakuinama, kwa sababu kuinama kungemchelewesha. Kutojua kwa namna hii ni kutojua kwa kuchagua. Huyu wa tatu hupenda kujihesabu pamoja na askari, lakini uwezo alionao ni wa mfalme.

Mtu anaweza kudhani ninakuza jambo, kwamba maji ya kifuu ni maji ya kifuu tu. Basi na tutoke uani kwangu. Mwaka 1999 wataalamu wawili, Poynton na Clarke, walieleza kwa mara ya kwanza katika maandishi ya sayansi chura mdogo wa msitu wa Mlola, hapa hapa Mafia. Walimpa jina kwa heshima ya Kim Howell, aliyefundisha elimu ya wanyama kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na leo hujulikana kwa jina la Mertensophryne howelli. Fikiri, ndugu msomaji: wazee wetu wamepita msituni karne na karne, na chura huyo akiwa miguuni pao, naye akakosa jina lake mwenyewe mpaka karne ya 20 inakwisha. Anaye jamaa katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania ambaye hafikii hata sentimita tatu kwa urefu. Huyo hahitaji ziwa wala bwawa. Huzaa katika maji yaliyokaa ndani ya matundu ya miti, ndani ya maganda matupu ya konokono, na ndani ya vifuu vya nazi. Na watoto wake wana kitu mfano wa taji kinachozunguka macho na pua. Niliposoma habari hiyo nilibaki kimya. Wahenga walisema bahari ya chungu. Kumbe ni bahari ya chura pia, na humo mna wenye mataji.

Wataalamu hao hao walikuwa miongoni mwa waliomweleza chura mwingine ambaye habari zake zilivuma zaidi. Katika milima ya Udzungwa kuna korongo la mto Kihansi, ambako maji yalikuwa yakianguka kwa nguvu hata yakatoa manyunyu daima. Katika manyunyu hayo, katika eneo la hekta chache tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Hatagi mayai; huzaa watoto waliokamilika. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati ambapo ujenzi wa bwawa la umeme ulikwisha kuanza. Mitambo ilipoanza kazi, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwaka 2000, sehemu kubwa mno ya maji iligeuzwa kwenda kuzalisha megawati 180, na manyunyu yakakatika.

Hapa watu walikumbuka methali nyingine: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Wengine walicheka kusikia kwamba kuna chura anayezungumzwa katika habari za umeme wa taifa. Nami sitaki kuwacheka waliocheka. Hospitali zinahitaji umeme, na mwanangu alitibiwa katika hospitali yenye taa. Lakini methali ile tunaisoma nusu. Imempa ng'ombe ruhusa ya kunywa. Haikumpa ruhusa ya kulikausha bwawa. Ng'ombe hunywa akaenda zake, na chura akabaki na kelele zake na maji yake. Ndiyo maana wahenga waliweza kuisema kwa utani.

Waliokuwa wamekwisha kumwona chura wa Kihansi hawakuweza tena kusema kwamba hawajui. Mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa Marekani kuhifadhiwa, na korongoni yakawekwa mabomba ya kunyunyiza maji kuiga manyunyu yaliyopotea. Idadi ilipanda, kisha mwaka 2003 ikaanguka ghafla, na ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura ukaonekana kuwa miongoni mwa sababu. Waliokuwa maelfu wakawa wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura huyo ametoweka kabisa katika makazi yake ya asili. Wale wa ughaibuni walikuwa wamezaliana; mwaka 2010 wakaanza kurejeshwa nchini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Umeme haukuzimwa. Njia ya tatu ilipatikana baina ya taa na chura, lakini ilipatikana kwa taabu, kwa gharama, na kwa nusu, kwa sababu kuinama kulikuja baada ya mguu kwisha kupindua.

Jirani yangu mmoja, mvuvi, nilipomsimulia mambo haya aliniambia kwa upole: “Mwalimu, wewe una nafasi ya kutazama vyura. Mimi nina watoto wa kulisha.” Neno lake ni la haki, na mwandishi asiyekuwa na jibu kwa mvuvi heri aweke kalamu. Nilikaa nalo siku kadhaa. Kisha nikamkumbuka mvuvi huyo huyo katika maji ya kupwa. Mahali ninapoona jiwe, yeye huona tundu la pweza. Rangi ya maji humwambia kina, na ndege wakizunguka humwambia wapi pana dagaa. Anatazama kuliko mimi, anatazama kuliko wanachuoni. Basi sio kwamba maskini hana macho ya kutazamia. Sote tunayo, na sote tunajua kuyatumia mahali penye malipo.

Na si mvuvi peke yake. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya namna yake nchini. Kasa wanaopanda kutaga katika fukwe za Juani huhesabiwa viota vyao, na watoto wao husindikizwa hadi majini. Papa potwe ana wageni wanaovuka dunia kuja kuogelea kando yake. Nafurahi kwa hayo yote. Lakini mkubwa hahitaji adabu yetu ili aonekane. Ukubwa wake unamtangulia kama ngoma ya mfalme. Adabu hupimwa kwa yule ambaye usipomtafuta humwoni. Hata sisi wapenzi wa mashairi tuna deni hapa. Tumewasifu njiwa na kasuku, waridi na yasmini, na simba tumempa ufalme wa nyika. Chura tumemwachia methali ya kelele.

Tangu asubuhi ile nimekuwa mtazamaji wa uani kwangu. Huweka kiti baada ya sala ya isha, taa nikaizima. Hungoja. Dakika za kwanza hakuna kitu, kwani mwenye nyumba amefika na wote wamenyamaza. Kisha mmoja huthubutu, koo likavimba kama kipovu, akaita. Akajibiwa na mwingine ng'ambo ya kisima. Mjusi hutoka nyuma ya boriti. Chungu huburuta bawa la kumbikumbi lililo kubwa mara kumi kuliko yeye, wakapotea njia, wakashauriana, wakaendelea. Sijapata faida yoyote kutokana na mambo haya, isipokuwa moja: nimejua kwamba nyumba niliyodhani ni yangu ina wakaazi wengine waliokuwa wakinyamaza kila nipitapo, na mimi nikaudhania ukimya wao kuwa ni utupu.

Ama vifuu, tuliviwekea kanuni. Baada ya kukuna nazi hupinduliwa pale pale vikalala kifudifudi, ili visikinge maji. Mbu hana pa kutaga, na chura naye hadanganyiki akaweka wanawe katika chombo kitakachomwagwa kesho. Ni jambo dogo, lakini limenifundisha kwamba wajibu wetu ulianza mapema kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nikijiuliza nifanye nini na kifuu kilichojaa, ilhali swali lilikuwa limekuja tangu kifuu kikiwa kikavu. Wale viluwiluwi waliopona siku ile tuliwapeleka Kua, mimi na mjukuu wangu, katika tundu la mbuyu lililojaa maji ya mvua, mbali na nyumba za watu. Sina hakika ni wangapi walikua wakaota miguu ya mbele. Tulipoondoka alitaka kujua kama nao wataishi katika mji uliovunjika. Nikamwambia kwamba kwao wao haujavunjika.

Kanuni yoyote husahaulika, na mvua haingoji. Masika moja baadaye nilimkuta binti yangu amesimama nyuma ya jiko, ameshika kifuu kilichosahauliwa, kimejaa pomoni. Huyu ndiye aliyelala siku sita kwa ajili ya mbu, na nisingethubutu kumwambia neno. Mkono wake ulikwisha kuinama upande mmoja, maji yakaanza kugusa ukingo. Kisha akausimamisha. Akakileta kifuu karibu na uso wake, akakigeuza kuelekea kwenye mwanga, akamwita mwanawe.

“Njoo unitazamie. Humu mna nini?”

Mtoto alikuja mbio, akatazama kwa makini kama anavyotazama siku zote. Walikuwa wamening'inia wote, kichwa chini na mkia juu.

“Mbu, mama,” akasema.

Akamwaga. Na alikuwa na haki ya kumwaga.